Mashine ya Kung'oa Malaika

Scholastique alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, aliposikia mlio kama wa nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Ulitoka chumbani kwa binti yake. Mara akasikia, “Aï! Mama wee!” Kimya kidogo, kisha mlio ukaanza tena.

Akaacha mchi kinuni, akajifuta mikono kwa kitenge, akaingia ndani.

Fifi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sketi ameipandisha juu ya magoti. Mkononi alishika kidude cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na kwenye ncha yake kulikuwa na vibanio vidogo vya chuma vilivyozunguka mbio. Mguu wake wa kushoto ulikuwa kama siku zote, malaika ya ngozini yamelala kuelekea chini, meusi na laini. Wa kulia ulikuwa umeharibika. Kuanzia goti hadi kifundo, kila shimo lililotoka unywele lilikuwa limevimba kipele, na penye ngozi nyembamba ya mbele damu ilikuwa inachungulia.

“Nimeipata kwa Gisèle wa salo ya urembo,” Fifi alisema haraka, kabla hajaulizwa. “Njo wanaita epilateri. Inashika malaika, inang'oa na muzizi yake. Mama, usiniangalie hivyo. Itashuka tu.”

Scholastique aliukodolea macho ule mguu. Akanyoosha mkono, akampokonya binti yake mashine, akatoka nayo ikiwa bado inalia. Aliizima kwa shida, maana hakujua kitufe kilipo. Akaifungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake, na ufunguo akautia kifuani.

“Mama!” Fifi alimfuata akichechemea. “Muguu moja iko na malaika, ingine haina! Nitaenda commune hivi?”

“Utavaa gauni ndefu.”

“Gauni baba ameshashona!”

Hapo alisema kweli. Fifi alikuwa anaolewa na Soudi, fundi wa injini za baleinière, zile boti kubwa za mbao, upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto hapo Kindu. Ndoa ya serikali, kwenye ofisi ya commune, ilikuwa imepangwa mwisho wa mwezi, na baba yake, Sumaili, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amemshonea gauni la rangi ya maziwa linaloishia magotini. Fifi mwenyewe ndiye aliyechagua urefu huo. Alikuwa ameliota gauni hilo tangu Soudi alete posa.

Tatizo lilikuwa ngozi. Fifi alirithi ngozi ya mama yake, ngozi yenye hasira za karibu: ukiikwaruza kidogo inavimba, ukiipaka mafuta ya manukato inawaka. Wembe ulimletea vipele tangu akiwa msichana wa shule. Krimu ya kuyeyusha malaika, aliyoinunua soko kuu, ilimuunguza akashindwa kuvaa soksi. Sukari iliyochemshwa na ndimu ilitoka na ngozi ya juu. Mashine ile ndiyo iliyokuwa tumaini lake la mwisho, na alikuwa ameipeleka kuchajishwa kwa jirani mwenye sola, akaisubiri mchana kutwa kama mtu anayesubiri mkate utoke jikoni.

Sumaili alisikia makelele akiwa barazani kwenye cherehani yake. Alimwita binti yake, akamtazama miguu yote miwili, akatikisa kichwa.

“Mwanamuke mwenye malaika miguuni iko na heri,” akasema. “Wazee wetu hawakusema bure.”

“Baba, hizo njo hadisi za zamani.”

“Basi. Mimi nilioa mwenye malaika, na sijajuta.” Akairudia kazi yake. Lakini Fifi alipogeuka, akaongeza kwa sauti ya chini, “Usimukasirikie mama yako. Enda kwa bibi yako, umuulize.”

Bibi huyo ni Mama Ayoubu, mama mzazi wa Sumaili. Alikuwa mzee sana sasa, macho mazima lakini sikio moja limekufa, na alikaa chumba cha mbele ambako dirisha linatazama barabara ya mtaa wao wa Mikelenge. Fifi alimkuta akichambua mchele. Akakaa mkekani, akanyoosha mguu wake mbovu.

Mama Ayoubu aliutazama. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

“Mama yako ameona hii?”

“Ameona. Amenipokonya mashine, amefungia ndani ya sanduku. Koko, ju ya nini? Mimi si mutoto.”

“Njo maana anapaswa kukuambia.” Mama Ayoubu akapaza sauti kuelekea uani. “Scholastique! Kuya hapa. Acha hiyo sombe, haitakimbia.”

Scholastique akaja, akasimama mlangoni.

“Mutoto amekuwa mukubwa,” mama mkwe wake alimwambia. “Anaenda kuolewa. Atajua lini? Siku tutakufa?”

Scholastique alikaa chini. Kisha akaanza kusimulia, akimtazama binti yake mara chache, na mara nyingi akiutazama ule mguu.

*

Alizaliwa Kampene, ambako baba yake alikuwa mchimbaji. Alipofikia umri wa usichana, baba alimtuma Kindu ajifunze kushona kwa masista, naye akakaa kwa mjomba wake Tambwe, mfanyakazi wa reli. Vita vilimkuta huko. Waasi walishika mji, na Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji waliowapinga, wakashika pori lote lililouzunguka. Aliyetoka mjini kwenda shambani, waasi walimwita mpelelezi. Aliyetoka shambani kuja mjini, Mai-Mai walimwita msaliti. Mihogo ikaozea ardhini. Gari-moshi halikuja tena. Chumvi ikawa kitu cha kutajwa kwa kunong'ona. Mjomba Tambwe alikuwa amekwama safarini Kibombo wakati njia ilipofungwa, na Scholastique akabaki peke yake ndani ya nyumba yake.

Hata hivyo alikuwa msichana, na vita havimwondolei mtu usichana wake. Ilikuwa karibu na Pasaka. Jirani yake mmoja alimwomba asimame kama mama wa ubatizo wa mtoto wake, na Scholastique alikuwa na rinda moja tu la heshima, fupi. Akachukua wembe wa mjomba, akajinyoa miguu kwa maji matupu, kwa maana sabuni haikuwepo.

Ngozi ikafanya kama kawaida yake. Usiku vipele vikatoka, akajikuna. Kesho yake akajikuna zaidi. Ilipofika Jumamosi, miguu yake ilikuwa na michubuko na vidonda vidogo vidogo kuanzia goti hadi chini.

Asubuhi hiyo alikwenda ukingoni mwa mji, kandokando ya reli, kuchuma matembele. Wakati wa kurudi akakuta kizuizi ambacho alipopita hakikuwepo. Askari wa waasi walikuwa wamepanga watu mstari, na kila mwanamke aliambiwa apandishe kitenge. Walikuwa wanatafuta miguu iliyokwaruzwa na miiba na majani ya pori, kwa sababu mwenye miguu hiyo, kwa akili yao, alikuwa ametoka kuwapelekea Mai-Mai chakula.

Scholastique alipandisha kitenge chake.

“Aa,” askari akasema. “Hii muguu iko ya pori.”

“Hapana, chef. Nilinyoa na wembe.”

Wakacheka wote. “Muntu gani ananyoa miguu na vita hii?”

Wakamtoa mstarini, wakamketisha chini kando ya wanaume wawili waliofungwa mikono. Hakuwajua. Mmoja wao alikuwa analia bila sauti. Watu waliochukuliwa kwenye vizuizi walipelekwa kwenye kontena karibu na kituo cha reli, na wengi wao hawakuonekana tena. Scholastique alijua hivyo kama kila mtu alivyojua. Alisema kwamba hakuomba wala hakulia. Aliitazama tu miguu yake, na akaichukia.

Nyuma yake mstarini alikuwa mwanamke mmoja amejitanda kanga, na kichwani ana beseni la majani. Mwanamke yule aliweka beseni chini. Akatoka mstarini bila kuruhusiwa, akaja moja kwa moja hadi mbele ya Scholastique, akampiga kofi la bega.

“Nilikuambia nini?” akafoka. “Nilikuambia usitoke nyumbani! Bibi-arusi anatembea-tembea njiani sawa mbuzi! Watu watasema nini juu yangu?”

Scholastique akamtazama mdomo wazi. Hakuwahi kumwona maishani.

Kamanda wa kizuizi, kijana mrefu aliyekuwa ameketi juu ya tairi, akauliza, “Mama, unamujua huyu?”

“Namna gani nisimujue? Njo mukwe wangu! Anaolewa na mutoto wangu Ijumaa. Hii miguu nilimunyoa mimi mwenyewe na wembe mubovu, ju kwetu Waislamu bibi-arusi lazima atakate. Ona sasa, ngozi yake sawa ya mutoto muchanga. Haya nimemuharibu mimi.” Na akaanza kujilaumu kwa sauti kubwa, kuhusu wembe, kuhusu kukosa sabuni, kuhusu aibu atakayoipata.

“Harusi gani na njaa hii?” kamanda akauliza.

“Njaa haikatazi muntu kuoa, mwanangu.”

Kamanda alifikiri. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Scholastique kuliko bunduki. “Sawa. Ijumaa. Tutakuja kula. Tukikosa harusi, tutawachukua wote wawili.”

Wakaachiwa. Walitembea bega kwa bega, beseni kichwani kwa mmoja, kikapu mkononi kwa mwingine, hadi kona ya kwanza.

“Mama,” Scholastique akanong'ona, “mimi sikujui.”

“Mimi pia sikujui,” mwanamke akajibu. “Tembea.”

*

“Ulikuwa wewe, Koko?” Fifi akauliza.

“Nani mwingine?” Mama Ayoubu akasema. “Nilimuona namna amekaa pale, anaangalia miguu yake. Nikasema moyoni, huyu wakimupeleka, mimi nitakula hii matembele namna gani leo?”

“Hukuogopa?”

“Niliogopa kiisha. Nilipofika nyumbani njo nilishindwa hata kuwasha moto. Baba yako njo aliniwashia.”

Scholastique aliendelea.

Mama Ayoubu alimwambia mwanawe Sumaili kwamba Ijumaa anaoa, na kwamba haoi. Sumaili alikuwa kijana mpole aliyeshona kanzu na kupasua mashati ya zamani kuwa ya watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: msichana atalala wapi? Mama yake akajibu kwamba atalala kwake. “Basi mimi nitalala kwa jirani,” Sumaili akasema, “watu wasimufikirie vibaya.”

Shida ilikuwa mwalimu wa msikiti. Alikataa kusoma ndoa ya uwongo. “Siwezi kumuita Mungu ashuhudie bongo,” alisema. Mama Ayoubu alimsihi hadi akachoka. Mwishowe mwalimu akasema kwamba anaweza kuja kusoma dua ya kuomba usalama, kwa sababu hiyo ni kweli tupu, na kama maaskari hawatajua tofauti, hilo ni lao.

Mtaa wote ulijua, na mtaa wote ulinyamaza. Kila nyumba ilileta ilichokuwa nacho: huyu samaki mmoja wa moshi, yule kibaba cha mchele, mwingine ngoma tu. Siku zote hizo Mama Ayoubu alishughulika na miguu ya Scholastique. Alichemsha majani ya mpera, akaacha maji yapoe, akamkanda kwa kitambaa safi. Alimpaka mafuta ya kokwa za mchikichi. Na kila alipomwona anapeleka kucha kwenye mguu, alimpiga mkono.

Ijumaa kamanda alikuja kweli, pamoja na wenzake wawili. Akakaa kwenye kiti kizuri. Mwalimu akasoma dua yake ndefu, na wote wakaitika amina. Sumaili alikuwa amevaa kanzu ya kaka yake Ayoubu iliyoishia katikati ya mguu, na hakumtazama bibi-arusi hata mara moja. Bibi-arusi na bwana-arusi wakala sahani moja kwa kuwa kamanda aliagiza wale sahani moja. Halafu kamanda akamgeukia Scholastique.

“Miguu imepona?”

Ngoma ikanyamaza. Scholastique alivuta kanga juu kidogo, hadi juu ya kifundo. Ngozi ilikuwa imetulia. Vilibaki vidoadoa vyeusi tu, kama mbegu za ufuta.

Kamanda akacheka. Alipoondoka aliacha pakiti ya chumvi juu ya kiti. Hakuna aliyejua kama alidanganyika, au kama aliamua kudanganyika.

*

“Kwa hiyo ndoa yenu ilikuwa bongo,” Fifi akasema polepole. Alikuwa amesahau mguu wake.

“Ile ya kwanza, ndiyo,” mama yake akasema. “Nilikaa hapa, mukwe wa jina tu. Baba yako alinifundisha kukata kanzu. Kila jioni alisema ‘Lala salama,’ akaenda kwa jirani. Njia ilipofunguka, alinisindikiza mpaka mwisho wa mji, kwa watu wa mabaiskeli waliokuwa wanaenda Kampene. Akaniambia, ‘Uko huru. Hauna deni kwetu.’ Nikaenda. Njia yote nilikuwa na furaha ya kwenda kwetu, na kitu ingine iliniuma, sikujua jina yake.”

Alisema hivyo akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mvua zilipoanza, Sumaili alifika Kampene juu ya baiskeli ya kuazima, matope hadi kifuani. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akampa baba yake Scholastique heshima zote.

“Nilisikia wewe njo ulimuoa mutoto wangu wakati wa vita,” baba alisema. “Sasa unatafuta nini?”

“Hapana, baba. Ile ndoa ilikuwa ya maaskari. Nimekuja kuomba ya kwangu.”

Baba alimwita Scholastique, akamuuliza yeye anasema nini. Na Scholastique, ambaye hakuna aliyemuuliza chochote ile Ijumaa, alimtazama Sumaili aliyelowa. “Mumwambie aingie ndani,” akasema. “Mvua inamunyeshea.”

Scholastique alipomaliza kusimulia, Mama Ayoubu alikuwa amekwisha kurudi kwenye mchele wake. “Sasa umejua,” akamwambia mjukuu wake. “Mama yako aliona muguu wako, akarudi kule. Si ubaya.”

Fifi alisogea mkekani, akaegemeza kichwa kwenye bega la mama yake. Baadaye Scholastique akautoa ufunguo kifuani.

“Lakini si leo,” akasema. “Kwanza hii ipone.”

*

Ikapona. Mama Ayoubu aliagiza majani ya mpera, na mara hii ni Scholastique aliyeyachemsha. Mguu ulipotulia, mama na binti walichukua mashine wakaenda nayo kwa Gisèle, pale salo yake mtaani Kasuku.

Gisèle alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliposikia Fifi alivyofanya, alishika kichwa.

“Weye ulianza na muguu yote mara moja? Mukavu? Na mwendo wa mwisho?” Akaifungua mashine, akaonyesha kitufe. “Hii iko na mwendo mbili. Muntu wa ngozi sawa yako anatumia wa kwanza tu. Na kichwa hii inatoka, unaisafisha na alkoli kabla na kiisha. Malaika ikiwa mirefu, kata kwanza na mukasi, ju mirefu inavuta ngozi.”

Akawaeleza yote taratibu. Kwanza uoge maji ya vuguvugu, usugue miguu kwa kitambaa laini, ujikaushe kabisa. Unyooshe ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine usimamishe mashine wima, usiilaze wala usiigandamize. Uipeleke polepole ukiyafuata malaika yanakotoka, siyo yanakoelekea. Ujaribu mahali padogo, ungoje hadi kesho yake uone ngozi inasema nini. Ukimaliza, kitambaa cha maji baridi, mshubiri kidogo, na usipake kitu chenye harufu. Siku hiyo usivae nguo ya kubana.

“Na fanya mapema, siku chache mbele ya harusi,” akamaliza. “Si asubuhi ya harusi. Ngozi inataka muda wa kusamehe.”

“Itauma?” Scholastique akauliza.

“Itauma, mama. Mara ya kwanza njo inauma sana. Halafu inazoea. Mimi siwezi kukudanganya.”

Walifanya kama walivyoambiwa. Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye sehemu ya chini ya paja, nyuma ya goti, mahali pasipoonekana. Vikatoka vipele vichache, na kesho yake vikawa vimelala. Wakangoja siku nyingine, wakaanza mguu wa kushoto.

Ilikuwa alasiri, mvua imepita, na uani kulikuwa na ubaridi mzuri. Fifi alikaa kwenye kigoda, Scholastique akapiga magoti mbele yake. Alikuwa ameomba aishike mashine yeye mwenyewe. Aliivuta ngozi ya binti yake kwa kidole gumba, akaishusha mashine, na ule mlio wa nyuki ukabadilika kidogo mashine ilipokamata malaika ya kwanza.

“Ss! Aï!”

“Niache?”

“Hapana, mama. Endelea. Unisemeshe tu.”

“Nikusemeshe nini?”

“Baba alivaa nini siku ile Kampene?”

“Matope,” Scholastique akasema, na wote wawili wakacheka hadi mashine ikabidi iinuliwe.

Walikwenda hivyo, kipande kwa kipande, wakipumzika kila Fifi alipouma meno. Penye mfupa wa mbele, ambako ngozi ni nyembamba, Scholastique alipita mara moja tu, akayaacha yaliyobaki. “Hii itabakia,” alisema. “Hakuna atakayekuja kuhesabu.” Vipele vilitoka, ndiyo, lakini vidogo, na chini ya kitambaa baridi vikaanza kushuka jua likiwa bado juu.

Fifi alipomaliza kupakwa mshubiri, mama yake hakuinuka. Alibaki na mashine mkononi, akiigeuza-geuza.

“Unajua,” akasema, “tangu ile wembe ya mujomba, sikugusisha kitu kwa miguu yangu. Hata mafuta mimi napaka haraka, bila kuangalia.”

Fifi aliteremka kutoka kwenye kigoda, akamwachia mama yake. Scholastique akakaa. Akapandisha kitenge chake mwenyewe, taratibu, hadi goti. Miguu yake ilikuwa mizuri. Malaika yalikuwa yamepungua kwa umri, na ngozi haikuwa na kovu lolote ambalo mtu mwingine angeliona.

“Kidogo tu,” akasema. “Hapa kwa pembeni.”

Fifi akanyoosha ngozi ya mama yake kama alivyofundishwa, akaweka mwendo wa kwanza, akapitisha. Scholastique alifumba macho. Halafu akapiga ukelele uliomfanya Sumaili aache cherehani na kuja mbio uani na sentimita, utepe wake wa kupimia, shingoni.

“Nini? Nini tena?”

“Si kitu!” Scholastique alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. “Jaribu weye, uone wanamuke wanavyokufa!”

Sumaili aliitazama mashine, akautazama mguu wa mkewe uliokuwa wazi mchana mweupe, mbele ya binti yao. Akatikisa kichwa. “Uache hayo mengine,” akamwambia. “Mimi nayapenda.” Akarudi barazani.

Naye akayaacha. Alikaa tu pale, kitenge juu ya goti, akiutazama mguu wake kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka Fifi alipoingia ndani kukunja vitambaa.

*

Siku ya ndoa ofisi ya commune ilijaa watu, wengine wakachungulia madirishani. Soudi alivaa suti iliyokuwa kubwa mabegani. Fifi alitoka garini na gauni lake la magotini, na aliposimama juani miguu yake iling'aa kwa mafuta mepesi yasiyo na harufu. Mguu wa kulia bado ulikuwa na vidoa vichache pale alipojiharibu mara ya kwanza. Shangazi mmoja wa Soudi aliviona, akamnong'oneza avute gauni chini.

“Haivutiki, shangazi,” Fifi akajibu kwa heshima. “Baba alikata hapa.”

Mkuu wa ofisi alisoma vifungu vya sheria kwa Kifaransa, halafu akavirudia kwa Kiswahili ili wazee wasikie. Akamgeukia Fifi.

“Hakuna muntu amekulazimisha? Umekuja kwa mapenzi yako mwenyewe?”

Scholastique, aliyekaa benchi la mbele kati ya mumewe na mama mkwe wake, alikamata mkono wa Sumaili.

“Ndiyo,” Fifi akasema. “Kwa mapenzi yangu.”

Vigelegele vikapanda. Mama Ayoubu hakuwa amesikia vizuri. Akamvuta Scholastique kanga.

“Amesema nini?”

“Amekubali, mama.”

“Vizuri,” Mama Ayoubu akasema. “Sasa watupeleke kwa chakula.”

Wakaenda. Uani kwa Sumaili mahema yalikuwa yamekwisha kusimamishwa, wali na samaki vinanukia, na vijana wa Alunguli walikuwa wanahangaika na waya za muziki. Mama Ayoubu aliomba kiti chake kisogezwe karibu kabisa na spika, upande wa sikio lake zima, na hapo akakaa akipiga makofi hadi jua lilipoanza kushuka, huku Scholastique akicheza mbele yake na wanawake wenzake, kitenge amekikunja kiunoni ili asikikanyage.